PostgreSQL ingoje PostGIS

Dodoma, Julai. Upepo wa kipupwe umeshika kasi, wapimaji wanarudi na pointi za mashamba ya zabibu, na swali la kila mwaka limerudi: tupandishe toleo la PostgreSQL, programu yetu ya kanzidata, sasa? Kwa kanzidata ya ramani, tarehe hiyo huamuliwa na PostGIS, kiendelezi kinachoipa PostgreSQL uwezo wa kushughulikia ramani.

PostgreSQL hutoa toleo kubwa moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba au Oktoba. Marekebisho madogo ya Februari, Mei, Agosti na Novemba hayasumbui: unasasisha, unawasha seva upya, basi. Toleo kubwa lina masharti yake. Faili ya PostGIS iliyojengwa kwa ajili ya PostgreSQL 16 hukataliwa na 17 palepale, kwa kuwa miundo ya ndani imebadilika. Ndiyo maana kwenye Ubuntu kifurushi huitwa postgresql-17-postgis-3, namba mbili kwa jina moja.

PostGIS 3.5 ilitoka Septemba 2024, mwezi uleule wa PostgreSQL 17, lakini ilipotoka ilikubali PostgreSQL kuanzia 12 hadi 17. Hapo ndipo pa kuvukia. Pandisha PostGIS kwanza ukiwa bado kwenye PostgreSQL 16, itumike wiki mbili, kisha uhamie 17. Ukipandisha vyote usiku mmoja na hoja (maombi ya data kwa kanzidata) zikaanza kuleta makosa, hutajua umshike nani.

Kinachosahaulika sana ni hiki: apt, kisakinishi cha Ubuntu, hubadilisha faili tu. Vitendakazi vilivyosajiliwa ndani ya kanzidata hubaki vya zamani hadi uendeshe

SELECT postgis_extensions_upgrade();

katika kila kanzidata ya seva, hata ile ya majaribio ambayo hakuna anayeikumbuka. Hiyo ndiyo hukwamisha kazi. Ikiwa bado na PostGIS 2.5, pg_upgrade, zana ya kuhamishia toleo kubwa, itatafuta maktaba ya postgis-2.5, itakuta postgis-3, na itasimama. Kwa hiyo endesha pg_upgrade --check mapema, seva ya zamani ikiendelea na kazi, usome loadable_libraries.txt, orodha ya maktaba zilizokosekana. Anayetoka 2.5 aendeshe amri ile ya SELECT mara mbili: tangu 3.0 rasta (ramani za picha) ni kiendelezi cha peke yake; mara ya kwanza huitenganisha, ya pili huifungasha upya.

Ukishahamia 17, takwimu za mpangaji wa hoja, anayechagua njia ya haraka ya kupata data, hazikuhama nawe. Zikusanye upya kwa vacuumdb --all --analyze-in-stages, la sivyo ramani zitafunguka kwa kusuasua na lawama zitaiangukia PostGIS bure.

Jaribio la mwisho ni la huku kwetu. Katika gridi ya ramani ya UTM, Dodoma mjini ni kanda ya 36 Kusini, Kongwa na Mpwapwa ni 37, na ramani nyingi za zamani ziko Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji. Chukua bikoni (alama ya mpaka ya wapimaji) moja ya mjini, igeuze kwa ST_Transform kutoka 21036 (Arc 1960, kanda ya 36 Kusini) kwenda 32736 (WGS 84, mfumo wa GPS, kanda ileile) kabla na baada ya kupandisha. Majibu yakitofautiana kwa mita, PROJ, maktaba ambayo PostGIS huitumia kugeuza majira ya ramani, imechagua njia nyingine ya kugeuza. Linganisha toleo lake kwa postgis_full_version() kwenye seva zote mbili, na usiruhusu mtu aandike pointi mpya hadi tofauti hiyo ipate maelezo.