Siku yangu ya kukata dangdut, Jakarta

Saa 12 asubuhi. Niko ndani ya treni ya KRL kutoka Depok, tumebanana hata mkono wa kutolea simu mfukoni inabidi uuombe. Lakini simu zimetoka: huyu anatazama kipande cha sinetron, tamthilia ya runinga, yule mawaidha, wa tatu dangdut, muziki wa dansi wa Indonesia, bila spika za masikioni, na behewa zima tunasikiliza.

Saa 3. Ofisini. Kazi yangu ni kuchukua onyesho la saa nyingi la dangdut koplo, aina yenye mdundo wa kasi, la huko Jawa Mashariki, nilipunguze liwe video ya wima ya dakika moja. Jina la muziki huu limetokana na mlio wa ngoma yake: dang, kisha dut. Mimi nakata kwenye dut. Ukichelewa kidogo, utamu umepita. Siku ya kwanza kuusikia nilijua ni ndugu wa taarabu: filamu za Kihindi na muziki wa Waarabu, ila huu una na uimbaji wa Kimalayu. Miaka ya 1970 mwimbaji Rhoma Irama akauongezea magitaa ya rock.

Saa 6. Warteg, mgahawa wa bei nafuu. Wali, tempe ya soya, sambal ya pilipili. Naskani QRIS, nalipa kwa simu, narudi.

Saa 8. Nimeharibu. Kuna mzee alipanda jukwaani akamziba mwimbaji, nami nikamfyeka. Mbak, yaani dada, mkuu wa zamu, akaitazama video mara mbili.

“Mas, saweran iko wapi?”

Mas ni kaka; saweran ndiyo kutunza, kumpa mwimbaji noti. Aibu! Mimi mtoto wa Tanga, niliyekua nikiwaona shangazi zangu wakienda mbele kwa madaha, noti kidoleni, wakisubiri ule mstari unaomchoma jirani ndipo watunze, leo nimekata kutunza. Nikamrudisha mzee wangu. Anatoa noti mojamoja kama anayegawa karata, na mwimbaji analitaja jina lake katikati ya wimbo bila kuachia mdundo. Hicho ndicho watu wanachokitaka. Kabla ya simu hizi, VCD, diski za video, za magendo zilifanya kazi hiyohiyo: mwimbaji Inul Daratista alitoka kwenye majukwaa ya vijijini akafahamika nchi nzima mwaka 2003 kupitia hizo.

Saa 1 usiku. Zamu ya laivu mtandaoni. Mwimbaji yuko peke yake chumbani na taa ya duara. Noti zimegeuka picha za maua zinazopaa kwenye kioo, bado wanaita nyawer, yaani kutunza, na majina bado yanatajwa. Mimi sijauzoea utunzaji huu. Mtunzaji amelala kitandani kwake, hachezi, hakuna anayemwona alivyovaa, na mwenye programu anamega fungu lake.

Saa 3 usiku, Tanga saa 11 jioni. Mama yuko hewani.

“Shikamoo, mama. Umeiona video?”

“Marahaba. Nimeiona. Huyo mzee hajui kutunza, mwanangu. Noti zote zile, hata bega halitikisiki?”