Akiba ya nyumbani si ya siku ya upepo

Watu wa Kilwa tukisikia kimbunga tunawaza bati. Sawa, bati huruka kweli. Lakini kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, kilichotutesa zaidi ni barabara. Maji yalikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na sisi wa Kilwa Masoko tuko kusini ya hapo. Mabasi yakakwama, malori yakakwama, nyanya na vitunguu vikawa vya kuulizia bei na kuondoka.

Kwa hiyo masika ikikaribia naweka akiba ya siku zile za baada ya upepo. Dawa za presha za mama mkwe ndizo za kwanza, maana unga utakopa kwa jirani, dawa utamkopa nani? Kisha unga, mchele, dagaa, mafuta ya kula. Mkaa nautia kwenye ndoo yenye mfuniko. Gunia likilowa utapuliza jiko hadi utokwe machozi. Vyeti vya watoto na hati ya kiwanja viko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, si uvunguni.

Matangazo ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, nayasoma hadi chini. Wengi wakiona ramani ina rangi tu, wameshasambaza. Ngazi ni tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Chini yake huandikwa uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na hapo ndipo penye habari. Lile la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 tumelizoea. Mimi halinisumbui, ila nampigia shemeji mwenye ngalawa hapohapo. Ikitoka tahadhari kubwa, mume wangu anapanda kugongelea misumari upenuni, kwa sababu upepo huingilia pale na kulifunua bati lote. Mnazi ulioinamia jiko unaanguliwa nazi na kuondolewa makuti makavu kabla mawingu hayajafunga. Simu zote zinawekwa chaji umeme ungalipo, na redio ya betri inatolewa sandukuni.

Sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe, eti "usiku huu kinakuja kikubwa kuliko Hidaya", nazifuta. Mwezi uleule wa Hidaya kilitokea kimbunga kingine, Ialy, watu wakataharuki, nacho kikashika njia ya kaskazini kuelekea Somalia.

Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo ya mama mkwe, ana simu ya kitochi tu. Binti yangu ndiye anayetumwa kumsomea tangazo. Bibi humsikiliza, humuuliza, "Bahari wamesemaje?", kisha anaanza kuingiza kuku ndani. Habishani kamwe. Kwao ni Lindi, na kimbunga cha 1952 amekulia kwenye hadithi zake.