Nyota ya jaa na hesabu za Zacuto

Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi. Kila tukipita penye nguzo ya Vasco da Gama, hapa Malindi, aliniuliza: "Mreno huyu alijuaje alipo, na nyota ya jaa, ile ya kaskazini, haionekani huku?" Kweli, tuko nyuzi 3 kusini mwa ikweta; jaa imezama. Jibu nimelipata ukubwani, baba keshazikwa.

Wareno walipima jua la adhuhuri. Lakini kimo cha jua hakikwambii kitu mpaka ujue siku hiyo limesogea kaskazini au kusini kiasi gani. Hesabu hizo aliziandika Abraham Zacuto, Myahudi wa Salamanca, bingwa wa falaki. Majedwali yake yalipigwa chapa Leiria, Ureno, mwaka 1496.

Zacuto alikuwa mkimbizi. Mwaka 1492 Ferdinand na Isabella, watawala wa Uhispania, waliwapa Wayahudi wa huko miezi 4: wabatizwe au watoke. Akaenda Ureno, akamtumikia mfalme. Kisha Mfalme Manuel akamposa binti wa Ferdinand na Isabella, na sharti la ndoa likawa kuwafukuza Wayahudi. Desemba 1496 akatoa amri, Waislamu nao wakatiwa humo. Ila hakutaka kuwapoteza Wayahudi na ujuzi wao. Pasaka ya 1497 watoto wakapokonywa mikononi mwa wazazi, wakabatizwa. Watu wazima waliofika Lisbon wakitaraji meli za kuondokea, wengi walibatizwa kwa nguvu. Nina watoto, hapo hunichukua muda kuendelea kusoma.

Zacuto akaponea Tunis. Julai ya mwaka huohuo mfalme yuleyule akamtuma da Gama, na Aprili 1498 Malindi ikampokea, ikampa rubani.

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu pale penye nguzo nikawasimulia haya. Mmoja akauliza, "Kwani Wayahudi walikosa nini, mwalimu?" Nikamwambia hawakukosa. Hata waliobatizwa hawakuachwa: 1506 waliuawa Lisbon kwa mamia, na 1536 ikaundwa mahakama ya kuwasaka walioshika dini yao kwa siri, ikadumu hadi 1821. Ushahidi ulikuwa mambo ya nyumbani. Kubadili nguo safi siku ya Sabato. Kutokula nguruwe.

"Hata kwetu hatuli nguruwe," akasema msichana mmoja, macho yake yako juu kwenye msalaba wa ile nguzo.