Treni ya Saa Sita Mchana

Tangu utotoni niliamini kwamba sinema za kauboi ni za wazee waliojazana kwenye vibanda vya video, wakishangilia kila steringi alipochomoa bastola, na kwa kuwa sikupenda milio ya risasi, sikuwahi kuitazama hata moja hadi mwisho. Msimu wa mvua uliopita nilipeleka flashi yangu kwenye kibanda kimoja hapa Isevya, Tabora, nikiomba niwekewe tamthilia ya Kikorea. Nilipofika nyumbani nilikuta nimewekewa kwa makosa sinema isiyo na rangi, High Noon, ya mwaka 1952. Mvua ilikuwa kubwa, kurudi kibandani kusingewezekana, nikaitazama.

Mlinzi wa sheria wa mji mdogo, aliyeigizwa na Gary Cooper, ametoka tu kufunga ndoa na kuvua beji yake, ndipo inapofika habari kwamba mhalifu aliyemkamata zamani ameachiwa na atashuka kwa treni ya saa sita mchana. Wenzake mhalifu huyo, watatu, wanamngojea stesheni. Mlinzi anazunguka mji mzima akiomba msaada, baa na hata kanisani, na kila anayemwendea ana sababu yake ya kutomfuata. Mwongozaji wa sinema hiyo, Fred Zinnemann, alifanya muda wa kisa ukaribiane na muda wa sinema yenyewe, ambayo ni kama dakika 85, kwa hiyo saa za ukutani zinazoonyeshwa kila mara hutembea pamoja na saa ya mtazamaji.

Katikati ya sinema baba aliingia sebuleni. Alitumikia reli maisha yake yote ya kazi, na picha iliyokuwa kwenye runinga wakati huo ilikuwa ya reli tupu, mataruma yakienda moja kwa moja hadi mbingu inapogusana na ardhi. Aliketi bila kuvua koti lililolowa.

"Inangojewa treni gani hiyo, mwanangu?"

"Ya saa sita, baba."

Hakusema neno jingine mpaka ilipofika.

Nadhani ndipo nilipoelewa kilichonishika. Risasi zenyewe ni chache na huisha upesi; kinachobaki ni kungojea, na kungojea treni ni jambo ambalo mtu wa Tabora hahitaji kufundishwa. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mji wetu ndio njia panda ambapo mabehewa ya Mwanza, Kigoma na Mpanda hutenganishwa, huku abiria wakilala juu ya mizigo yao wakisikiliza vyuma vikigongana gizani. Baadaye nilitazama Once Upon a Time in the West, ya mwaka 1968, kazi ya Mwitaliano Sergio Leone. Mwanzoni wanaume watatu wanangojea treni kwa dakika nyingi karibu bila maneno: nzi anamsumbua mmoja usoni, na matone ya maji yanaanguka juu ya kofia ya mwingine, Woody Strode, mwigizaji mweusi ambaye uso wake uliotulia nimeurudia mara nyingi kuliko mapambano yote ya sinema hiyo.

Lipo pia linaloniuma. Katika Stagecoach ya John Ford, ya mwaka 1939, kisa cha safari ya abiria ndani ya gari la farasi, Waapache, wenyeji wa asili wa Marekani, hutokea kama vumbi na mishale, hawana kisa chao wenyewe, ingawa nchi inayopitwa na gari lile la farasi ilikuwa yao. Mimi nimekulia Unyanyembe, himaya ya zamani ya hapa Tabora, ambako Mtemi Isike alipigana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1893, na siwezi kuwatazama wapanda farasi wale wakianguka nikashangilia. Sinema hiyo naipenda kwa jinsi abiria wasiofahamiana wanavyobadilika ndani ya gari moja, lakini hapo huwa nanyamaza.

Sasa kila Jumapili baada ya chakula baba huuliza kama ipo nyingine "yenye stesheni". Juma lililopita tulikuwa tunarudia ile ya kwanza, na mlinzi alikuwa ameketi peke yake akiandika wasia wake, ndipo honi ya treni ilipolia kutoka upande wa stesheni yetu. Baba aliinua mkono, akaniomba nisimamishe kwanza. Tukakaa kimya mpaka behewa la mwisho lilipopita.