Siku tuliyopanda Mlima wa Dhahabu

Mwisho wa Oktoba 2016, soko la Bobae pale Bangkok lilikuwa jeusi tupu. Mashati meusi, magauni meusi, fulana nyeusi za watoto wachanga, zimetundikwa kuanzia kibanda cha kwanza mpaka macho yanapoishia. Mfalme Bhumibol alikuwa amefariki tarehe 13 ya mwezi huo baada ya kutawala miaka 70. Watumishi wa serikali waliagizwa kuvaa nyeusi mwaka mzima, na watu wa kawaida wakavaa bila kungoja agizo. Nguo nyeusi ziliadimika mpaka wengine wakawa wanapeleka nguo zao za rangi zikachovywe kwenye rangi nyeusi, mitaani, watu wamepanga foleni.

Sisi tulikuwa tumefuata rangi. Mzigo wa Desemba Kariakoo hauna mjadala: mteja anataka nyekundu, anataka njano, anataka gauni la mtoto lenye maua makubwa. Shangazi alisimama katikati ya ujia, mkoba wa fedha ameubana kwapani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Mji mzima umekaa eda."

Yeye alilijua jambo hilo kuliko mimi. Alikuwa ametoka eda wiki ile ile aliyofariki mfalme wao. Mumewe aliondoka ghafla siku chache kabla ya Ramadhani, na kwa miezi minne na siku kumi shangazi alikaa nyumbani Magomeni, hajipaki manukato, havai dhahabu, anapokea watu wa pole, huku mimi na kijana wa dukani tukisukuma fremu tulivyoweza. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza tangu msiba, na mashemeji zake hawakuipenda. Walikuwa wameshamwita kikao. Kwa maneno laini kabisa walimwambia kwamba sasa apumzike, fremu ipangishwe, yeye awe anakula kodi. Shangazi aliwasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru, akawaandalia chakula. Kesho yake alikata tiketi mbili.

Marehemu ndiye aliyeifungua njia ya Bangkok katika familia yetu. Kila alipokuwa Bobae, aliniambia shangazi usiku mmoja hotelini Pratunam taa zikiwa zimezimwa, alikuwa akiona upande wa magharibi kilima chenye mnara wa dhahabu juu yake. Kila safari alisema atakwenda kuupanda, na kila safari alirudi hajaupanda. Mwenye kununua jumla hana alasiri ya ziada. Asubuhi anachagua, mchana anabishana bei, jioni anasimamia mizigo inavyofungwa kwa wakala, usiku anapiga hesabu ya kilo. "Nami nikawa namwambia, kwani mlima unakimbia?" Akanyamaza kidogo. "Kesho tukimaliza mapema tutakwenda."

Sikumuuliza dini inasemaje. Nilijua atalieleza mwenyewe, na alilieleza asubuhi akifunga ushungi: "Nakwenda kuutazama mji alioutaka mume wangu. Sijaenda kuabudu cha mtu, na sitamdharau anayeabudu."

Tukapanda boti ya mfereji wa Saen Saep. Mfereji huo ulianza kuchimbwa mwaka 1837, enzi za mfalme Rama III, ili kupitisha askari kwenda vitani upande wa Kambodia. Siku hizi unapitisha wafanyakazi wanaokimbia foleni za magari. Ni usafiri wa kasi. Kondakta amevaa kofia ngumu na anatembea nje ya boti, kwenye ukingo ambao unyayo wake mmoja unaujaza, akikusanya nauli huku boti inachanja maji. Abiria waliokaa pembeni wana kazi ya kuvuta kamba na kuinua turubai la plastiki ili maji yasiwarukie watu, na maji yale si ya kutamani yakurukie. Siku hiyo karibu boti nzima ilivaa nyeusi. Wengi walikuwa wanakwenda mwisho wa njia, kituo cha Phan Fa, wakaunge foleni ya Ikulu Kuu, maana ndiyo kwanza wananchi walikuwa wameruhusiwa kuingia kumuaga mfalme.

Shangazi alikuwa na baibui lake jeusi. Bibi mmoja wa Kithai aliyekaa mbele yetu, picha ya mfalme ameibana kifuani kwa pini, alilitazama lile baibui, akamtazama shangazi usoni, akaunganisha viganja akainamisha kichwa. Aliona mgeni aliyeomboleza pamoja nao. Shangazi hakuwa na lugha ya kumweleza kwamba hilo ndilo vazi lake la kila siku, wala sidhani angemweleza hata kama angekuwa nayo. Aliweka mkono kifuani, akainama vile vile. Kwa namna fulani yule bibi hakuwa amekosea.

Bobae tulinunua kidogo. Mwenye duka tuliyemzoea alitutolea kutoka stoo ya nyuma magauni ya rangi ambayo hakuna mteja wa Bangkok aliyekuwa akiyagusa, akapunguza bei kuliko nilivyowahi kuona, kila kitu kwa kikokotoo: anaandika tarakimu, shangazi anafuta, anaandika yake, anamrudishia. Tukaswali adhuhuri msikiti wa Mahanak, uliopo karibu na soko. Jamii za Waislamu zimekaa kandokando ya mifereji ile tangu Bangkok ikiwa changa, na shangazi alifurahi kukuta kanzu za kuswalia za wanawake zimekunjwa safi kwenye kabati. Kisha tukashika njia ya kwa miguu.

Bangkok imekaa juu ya tope la mto. Ni tambarare toka pembe hadi pembe, hivyo mtu anapouona Mlima wa Dhahabu, Phu Khao Thong kwa jina lake, anastaajabu umetoka wapi. Haukutoka popote, ulijengwa. Rama III, aliyetawala kati ya 1824 na 1851, aliamuru ijengwe pagoda kubwa mno, yaani mnara wa ibada wa Kibuddha, kwenye hekalu la Wat Saket. Ardhi laini ikashindwa kuubeba uzito, jengo likadidimia na kuporomoka, likabaki rundo la matofali na udongo lililoota miti na magugu. Ndugu yake, Rama IV, alipokalia kiti hakulisafisha lile rundo. Alianza kujenga pagoda ndogo juu yake, na kazi ikaja kumalizwa na mwanawe, Chulalongkorn. Miaka ya 1940 wakauzungushia ukuta wa zege ili usimomonyoke. Niliyasoma hayo kwenye simu huku tunatembea, namsomea shangazi kwa sauti. Akauliza, "Kwa hiyo wa kwanza alishindwa, ndugu yake akaendeleza, mtoto akamaliza?" Nikasema ndiyo. Hakuongeza kitu, ila aliniambia nisome tena pale pa kuporomoka.

Chini kabisa, kabla ya ngazi, kuna sanamu ambazo sikuzitegemea, na mpaka leo ndizo ninazozikumbuka kuliko dhahabu ya juu. Tumbusi wakubwa wamekusanyika juu ya maiti ya binadamu. Maiti imelala chali, tumbo limefumuliwa, na pembeni wamesimama watu wa sanamu, wa mavazi ya zamani, wanatazama. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu. "Hii nini?"

Ni kipindupindu. Mwaka 1820 kiliingia Bangkok na kuua watu wanaokadiriwa kufika 30,000. Ndani ya kuta za mji haikuruhusiwa kuchoma maiti za watu wa kawaida, kwa hiyo maiti zilitolewa nje kupitia lango moja ambalo watu waliliita lango la mizimu, zikaletwa hapa Wat Saket. Ziliposhinda uwezo wa wachomaji, na kuni zikaisha, zilirundikwa tu uwanjani, na tumbusi wakashuka. Tumbusi wa Wat Saket waliingia kwenye misemo ya Wathai, na wazee wao bado wanawataja.

"Kipindupindu hiki hiki chetu?" aliuliza shangazi.

Hiki hiki. Mwaka uliotangulia, Agosti 2015, kiliingia Dar es Salaam, nasi tuliishi miezi ya kuchemsha kila tone la maji, mama ntilie wa mtaani kwetu wamezuiwa kupika, mtu akiharisha mara moja nyumba nzima inakosa usingizi. Shangazi aliitazama ile maiti ya zege kwa muda mrefu. Nilidhani ataona kinyaa, aseme tuondoke. Badala yake alisoma Fatiha kwa midomo, bila sauti, kisha akasema, "Hawa hawakupata wa kuwaosha." Mumewe alioshwa na ndugu zake, akakafiniwa, akasaliwa na msikiti uliojaa mpaka barazani, na nadhani alasiri ile ndipo kwa mara ya kwanza aliiona kuwa ni neema aliyopewa. Katika msiba ule alikuwa ameona lililoondoka tu.

Ngazi zinazidi 300, lakini ni fupi na zinauzunguka mlima taratibu, kivuli kizito juu yake, makaburi madogo yamejificha kwenye mimea ya chini. Goti la shangazi ni bovu. Alipanda kwa kupumzika, akishika ukuta, na kila aliposimama nilisimama naye. Njiani pamepangwa kengele nyingi za shaba, na kila anayepita anazigonga moja moja hadi ya mwisho. Kijana mmoja wa Kithai alizigonga zote, na shati lake jeusi lilikuwa limeshikana na mgongo kwa jasho. Shangazi alizipita bila kugusa, akampisha yule kijana amalize kwanza. Hivyo ndivyo alivyokwenda njia nzima. Palipo pa kuvua viatu alivua, penye waliopiga magoti alipita nyuma yao, hakumkatia mtu mbele. Wapo watu wa dini yangu na za wengine ambao hudhani kuheshimu ibada ya mwingine ni kupunguza yako. Mimi nimemwona mwanamke asiyekosa swala tano akipita katikati ya hekalu na hakupungukiwa na kitu.

Karibu na kilele kuna ukumbi wenye madirisha pande zote, halafu ngazi nyembamba inayokutoa kwenye paa, na hapo ndipo pagoda ilipo, ya dhahabu kuanzia kitako hadi ncha. Ndani yake wanahifadhi masalia ya Buddha yaliyoletwa kutoka India. Watu walikuwa wanaizunguka polepole, viganja vimeunganishwa, na siku hiyo wengi walikuwa wanalia. Kijana wa kengele alikuwa miongoni mwao. Upepo ulikuwa mzuri kule juu, upepo wa kweli, ambao chini sokoni hatukuwa tumeuona siku nzima.

Tukaegemea ukingo. Upande mmoja mapaa ya mahekalu, mekundu na ya kijani, mpaka kwenye Ikulu Kuu na mto Chao Phraya. Upande wa pili ghorofa, na jengo la Baiyoke limesimama juu ya Pratunam, nami nikamwonyesha shangazi kuwa hoteli yetu iko pale chini yake. Bendera zote zilikuwa nusu mlingoti. Chini yetu Bobae ilikuwa mabati na maturubai tu, huwezi kuamini watu wanapata utajiri pale.

Shangazi alitoa simu akampigia binamu yangu mkubwa kwa video. Intaneti ilikuwa inakatika, picha inaganda, inarudi. Alizungusha simu taratibu, mji mzima, kisha akajielekezea mwenyewe. "Hapa ndipo baba yenu alipokuwa anapataka," akasema. "Nimefika. Mwonyeshe na mdogo wako." Upande wa pili tulisikia kelele za dukani, mteja anauliza bei, binamu anamwambia subiri dada, naongea na mama yuko juu ya mlima. Sijui yule mteja alielewa nini. Shangazi alicheka, na mimi nikagundua kwamba tangu Juni sikuwa nimemsikia akicheka.

Alikata simu akaiweka mkobani. Akakaa kwenye benchi, akalinyoosha goti, akaanza kuongea huku anatazama upande wa Bobae. Aliongea kuhusu kodi ya fremu, kuhusu mwenye nyumba aliyeongeza kilemba, kuhusu mashemeji. Hakuwa na hasira nao. Alisema wanamwogopea, na mwenye kukuogopea mara nyingi ndiye anayekufungia mlango. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kutaja bei, "Fremu siiachi. Desemba hii na Desemba ijayo. Ukiolewa, nitamfundisha mdogo wako. Tukirudi nitawaita mashemeji, nitawapikia, nitawaambia."

"Ndiyo, shangazi."

"Na lile gauni jeusi la mikono mirefu, la kwenye duka la kona, umeliona ushonaji wake? Dar kuna wajane, kuna kwaya, kuna wanasheria. Nani kasema Desemba lazima kila mtu avae nyekundu? Bei iko juu sasa, lakini anayenunua dazeni kumi hatauziwa bei ya mwenye kununua moja. Nyanyuka, watafunga."