Penseli ina unene: kisu, mahati na bikari kwenye karakana yangu hapa Tabora

Habari za siku nyingi jamani, nilikuwa kimya kwa sababu ya oda, ile nyumba ya Isevya niliyoisemaga imeisha juzi na sa hivi ndo napumua kidogo. Kuna swali naulizwa sana na vijana wanaoanza useremala, anakuja mtu anasema fundi nina laki 3, ninunue nini kwanza, na wengi wanategemea nitaje randa ya umeme au mashine ya kukatia, afu nikisema anza na vifaa vya kuchorea mstari wananiangalia tu kama nimekataa kuwaambia. Leo nalieleza lote hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma tu huu ukurasa.

Mwaka wa pili tangu nianze kujitegemea nilipata oda ya milango mitano ya paneli, mninga mtupu, mteja alikuwa wa Kiloleni. Msumeno wangu ulikuwa mkali, mbao zimekauka vizuri, nikapima kwa tepu, nikachora kwa penseli ya seremala ile bapa nyekundu, nikakata. Siku ya kuunganisha, mabega ya ndimi (ulimi ni ile ncha ya mbao iliyopunguzwa iingie kwenye tundu la mbao nyingine, bega ni pale inapoishia) hayafungi, ukibana upande huu ukakaa vizuri upande wa pili unaona mwanga unapita, mlango wa kwanza hivyo, wa pili hivyo hivyo, nikaishia kuchanganya vumbi la mninga na gundi nikajaza, nikapiga msasa na vanishi na kwa macho ikapendeza. Kiangazi kilipofika, na mnajua kiangazi cha Tabora kinavyokausha, kile nilichojaza kikapasuka chote. Mteja aliniita, akapitisha kidole kwenye maungio taratibu kutoka juu mpaka chini, hakusema neno. Ile kimya yake bado naikumbuka.

Nilienda kwa mzee aliyenifundisha kazi, yeye alikuwa seremala wa reli zamani, nikamweleza nikidhani atasema mbao hazikukauka. Akaniuliza, "Mwanangu, mstari wako una upana gani?" Nikamwambia mzee, mstari ni mstari. Akachukua penseli yangu akachora kwenye kipande cha mbao, akaniletea karibu na jicho. Penseli ikiwa butu ule mstari unakaribia milimita moja, hata ukiichonga vizuri ni kama nusu milimita. Sasa akaniuliza ulipokata ulikata kushoto kwa mstari, kulia, au katikati yake? Nikakosa jibu, maana kila bega nilikata nilivyojisikia siku hiyo. Mbao ya kulala ya mlango ina bega huku na huku, huku umekosea nusu huku nusu, na upande wa nyuma vilevile, unategemea ifunge vipi.

Ndo akatoa kisu chake. Kadogo, kametengenezwa na blade ya msumeno wa chuma, zile ngumu zinazokatika kama biskuti ukizikunja, amekafunga vipande viwili vya mpingo kama mpini. Kamenolewa upande mmoja tu, upande wa pili uko bapa kabisa, na hiyo ndo siri yenyewe, kwa sababu ule upande bapa unalala moja kwa moja kwenye bapa la skwea (kile kipimo cha pembe mraba), kwaiyo mstari unakaa palepale skwea ilipo, haukai pembeni kwa nusu milimita kama penseli ambayo ncha yake ni ya mviringo. Kisu cha kawaida cha jikoni kimenolewa pande zote mbili, ukikiegemeza kwenye skwea ncha inakimbia. Nakushauri kitengeneze mwenyewe, blade ya zamani haina gharama, ila ukiwa unasaga kwenye jiwe la mashine chovya kwenye maji kila sekunde chache, ukiona chuma kimegeuka bluu ujue ugumu wake unaweza kuwa umeondoka na kisikae makali tena, hapo saga uondoe sehemu yote ya bluu uanze upya. Ncha ichonge kama ya mkuki, makali yote mawili yanolewe upande mmoja tu na mgongo ubaki bapa, hapo unachora kwa kulia na kwa kushoto na kisu hichohicho.

Tena kisu hakichori, kinakata. Nyuzi za mbao pale juu zinakuwa zimeshakatika kabla msumeno haujafika, kwaiyo msumeno haunyofoi vipande pembeni, bega linatoka safi kama limepigwa randa. Mpito wa kwanza pitisha taratibu bila kukandamiza, maana ukikandamiza mara ya kwanza kisu kinafuata nyuzi kinakuacha, wa pili na wa tatu ndo uongeze nguvu. Afu chukua patasi, upande wa kutupa, yani ule utakaokatwa, toa kaukanda kadogo kwa kulaza patasi kuelekea kwenye mstari, inatokea kama mfereji mwembamba wenye ukuta mmoja umesimama. Msumeno unakaa humo wenyewe. Ukiweka patasi kwenye mstari wa kisu unaisikia mkononi inapodumbukia, inakaa pale haitelezi, kitu ambacho penseli haikupi hata uwe na macho ya kijana wa miaka 15.

Kuzungusha mstari pande zote nne za mbao pia kuna namna yake. Ukimaliza uso wa kwanza, chomeka ncha ya kisu kwenye ile alama iliyofika kwenye kona, kisu kimesimama hapo, afu ndo unasukuma skwea ije mpaka iguse kisu, unachora. Usiweke skwea kwa kukadiria na jicho. Ukifika upande wa nne mstari ukakutana na wa kwanza bila kupishana, mbao yako iko sawa na skwea yako iko sawa, ukipishana moja kati ya hizo ni tatizo.

Na hapo kwenye skwea, wazee wanaita gunia, nina la kusema. Nilinunua moja duka fulani hapa mjini, inang'aa, imeandikwa vipimo pande zote, nikaiamini karibu miezi minne. Kumbe haiko nyuzi 90. Kupima ni kazi ya dakika moja na wala huhitaji kununua chochote: tafuta mbao yenye ukingo ulionyooka kweli, weka skwea, chora mstari kwa kisu, afu igeuze skwea upande wa pili, ilete kwenye ileile nukta, chora tena. Mistari ikilaliana iko poa. Ya kwangu ilikuwa inaachana milimita 2 kwenye urefu wa sentimita 30, na kwa sababu kugeuza kunaonyesha kosa mara mbili, kosa lenyewe lilikuwa milimita 1. Inaonekana ndogo, ila peleka hiyo kwenye mlango wa sentimita 80 inakuwa karibu milimita 3, na mlango wa hivyo hufungi. Siku hizi nikienda dukani naenda na kibao changu na kisu mfukoni, nageuza palepale kwenye kaunta, muuzaji akinuna anune. Ile kubwa ya chuma yenye umbo la L inarekebishika, ukigonga kwa senta panchi (kile chuma chenye ncha cha kutia alama ya nukta) karibu na kona ya ndani pembe inafunguka, ukigonga karibu na kona ya nje inafunga, gonga kidogo upime, gonga upime.

Sasa mahati. Hiki kifaa vijana wengi hawakijui hata jina, wengine wanasema geji, wengi zaidi wanashika penseli na vidole viwili wanaburuza ukingoni, na mimi pia nafanya hivyo nikiwa napaua au nachora mbao za kenchi, hamna ubaya. Ila kwenye fanicha na milango mahati ndo kila kitu. Ni kijiti cha mraba kimepita kwenye kibao, kinabanwa kwa kabari, na mwisho wa kijiti kuna msumari mdogo umechongoka. Ya mzee ilikuwa ya mninga na kabari ya mpingo, pale dole gumba linapokaa pamelika pakawa na kishimo laini kama kijiko. Nilitengeneza ya kwangu kwa kuiigiza ile, nusu siku tu ilinitosha, vipande vya mninga viko vimejaa chini ya meza ya kila fundi wa Tabora.

Msumari utokeze milimita moja, moja na nusu, isizidi. Watu wanauacha mrefu afu wanalalamika mahati inaruka. Na uuchonge kwa tupa uwe kama kijisu kidogo, usiuache wa duara kama sindano, kwa sababu ncha ya duara ukienda na nyuzi ni sawa ila ukikatisha nyuzi inachana, inaacha mstari wenye manyoya. Ile ya kukatisha nyuzi mi nimeitengeneza nyingine kabisa, badala ya msumari nimeweka kipande cha blade, kimenolewa upande mmoja, na ule upande ulionolewa unaangalia kibao. Ukiwa unatumia, ilaze kidogo ili ncha iburuzwe nyuma isichimbe mbele, kandamiza kibao kwenye ukingo wa mbao, nguvu yako iende huko kwenye ukingo, wala usikandamize ncha. Mninga una tabia ya nyuzi kupishana, unaweza kuona mbao imenyooka kumbe ndani nyuzi zinaenda huku na kurudi huku, msumari ukikamatwa na uzi unaondoka nao. Pita mara tatu nyepesi.

Kitu ambacho mahati imeniokoa nacho zaidi ni tundu na ulimi. Sipimi tepu kabisa. Nina mahati yenye misumari miwili, nachukua patasi yangu ya milimita 12, naweka makali yake katikati ya ile misumari miwili, naipanga mpaka yanakaa sawasawa, basi. Tundu litakuwa upana wa patasi na ulimi utakuwa upana wa tundu, namba haijaingia popote. Na kila mbao naiwekea alama uso mmoja na ukingo mmoja vilivyo safi, mahati yote inaegemea huko tu, hata mbao zikiwa na unene tofauti kidogo nyuso za mbele zitalingana. Ukianza kuegemea mara mbele mara nyuma umerudi kwenye milango yangu ya Kiloleni.

Tepu sitaiongelea sana. Ile ndoana ya mbele inacheza kidogo, ndivyo ilivyotengenezwa, inacheza kiasi cha unene wake ili upime sawa ukiwa unavuta au unasukuma, ila ikishadondoka sakafuni mara 20 inapinda na hapo inadanganya. Kwa vitu vinavyojirudia kama milango mitano mi natumia fimbo, nakata kibao chembamba, naweka alama zote za mlango mzima kwa kisu, na kila mbao inachukua alama kwenye fimbo hiyo.

Mninga na mkurungu ni miti ya rangi, na mstari wa kisu kwenye mbao nyeusi hauonekani kirahisi hasa jioni. Mi napaka chaki nyeupe juu yake kwa kidole afu nafuta, chaki inabaki ndani ya mstari tu, unauona kama uzi mweupe. Au taa iweke pembeni chini, kivuli kinaonyesha.

Nimalizie na bikari, maana ndo iliyonifurahisha mwezi huu. Kuna mama mmoja Gongoni ana nyumba ya zamani, ukuta wa tofali za udongo, anataka kabati la kujenga ukutani. Ukuta ule una mabonde, nilisimamisha mbao ikagusa juu na chini, katikati nafasi inaingia kidole gumba. Mama akasema, "Fundi hapo si utaweka simenti tu?" Nikamwambia mama nipe dakika kumi. Nilisimamisha mbao wima kwa timazi, nikaibana isitikisike, nikafungua bikari kiasi cha nafasi kubwa kuliko zote, nikakaza skrubu, afu mguu mmoja nikaupitisha ukutani kutoka juu mpaka chini na mguu wa pili wenye penseli unachora kwenye mbao, bikari imelala usawa muda wote bila kupinda mkono. Ukuta wote ukaja kwenye mbao, kila bonde na kila nundu. Nikakata kwa msumeno mwembamba nikimalizia na tupa ya mbao, niliporudisha hata karatasi haipiti. Yule mama alipitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akaita watoto waje waone.

Sasa swali langu ni kwa mafundi wa Kigoma, nyie wa Kibirizi na Ujiji mnaounda mitumbwi na boti. Ubao wa pili unapokaa juu ya wa kwanza na yote imepinda kufuata tumbo la boti, mnachukuaje ule mstari? Ni bikari kama hivi, au mnashikilia ubao wenyewe na mtu mwingine anachora kwa chini, na mkishachora mnaacha milimita ngapi za kurandia? Niandikieni, nina mteja anataka mtumbwi wa kuvulia na sijawahi kuunda hata mmoja.