Nilivyoifundisha simu kusoma muhogo uliokatwa

Wengi wakisikia AI, yaani akili bandia, inasaidia kupata mbegu inayohimili magonjwa wanadhani kuna kompyuta mahali inatema mbegu mpya, hapana, muhogo bado unachavushwa kwa mkono ua kwa ua, unaoteshwa, unapandwa, unangojwa karibu mwaka mzima ndo ung'olewe ukatwe uangaliwe ndani. Mimi niko hapo kwenye kukata na kuangalia, kwenye majaribio ya mbegu huku Pwani, na hapo ndo nilipohangaika mpaka simu ikaanza kutusaidia.

Ugonjwa wenyewe ni michirizi ya kahawia. Unaletwa na virusi, nzi weupe wanausambaza na sisi wenyewe tunausambaza tukigawana pingili zenye ugonjwa. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, utaiona juu kwenye majani machanga, lakini huu unajificha kwenye majani ya chini yaliyokomaa, na yakipukutika kiangazi ushahidi umeondoka nayo. Mkulima anaona shamba limestawi vizuri kabisa, siku ya kung'oa anakata anakuta ndani kahawia, kukavu kama kizibo, hauliki hauuziki. Inauma sana jamani. Ndo maana programu kama Nuru, inayotambua ugonjwa kwa picha ya jani hata bila intaneti, inamfaa sana mkulima, ila sisi tunaochagua mbegu jani halitutoshi, lazima tuuone muhogo wenyewe.

Utaratibu ni kila muhogo unakatwa vipande unapewa alama, 1 ni safi na 5 umeharibika kabisa. Hizo mbili hazina ubishi, balaa liko katikati. Asubuhi mtu anatoa 2, ikifika saa nane jua kali mgongo unauma kipande kama kilekile anakipa 3, na mwenzake pembeni anasema hiyo ni 4. Na alama hizo ndo zinaoanishwa na vinasaba vya kila mmea, kompyuta inajifunza vinasaba gani vinaendana na mihogo safi, halafu inatabiri miche ambayo haijazaa hata muhogo mmoja, upi ubaki upi utupwe. Njia hiyo inaokoa miaka, maana kwa njia ya zamani mbegu kutoka kwenye ua mpaka kumfikia mkulima inaweza kula miaka 8 hadi 10. Sasa ukiilisha alama za kubahatisha, na yenyewe itakutabiria kwa kubahatisha.

Sikuanzia sifuri. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere kule Uganda walishatoa hadharani maelfu ya picha za majani ya muhogo, zikashindaniwa kwenye Kaggle, tovuti ya mashindano ya kufundisha kompyuta, na mizizi pia wameshaifanyia kazi kwa picha. Nikafuata njia yao, nikachukua modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, iliyokwishafundishwa kuona vitu vya kawaida nikaifundisha upya kwa picha zetu. Badala ya kuiambia itoe alama moja kwa moja nikaifundisha kupaka rangi eneo lenye kahawia, ikishapaka inapima ni sehemu gani ya kipande imeharibika, alama inatokea hapo. Hii niliipenda kwa sababu kila mtu anaona simu imehesabu nini na anaweza kuibishia.

Ila niwaambie ukweli, kazi kubwa iko kwenye kisu. Muhogo unaoshwa, unakatwa vipande vya duara vya unene mmoja, kisu kinafutwa, kipande kinawekwa juu ya turubai la bluu, kivulini, simu inashikwa usawa uleule kila mara. Kivuli ni lazima, jua likipiga moja kwa moja ule weupe unang'aa na madoa mepesi yanapotea. Na picha zitoke mashamba tofauti yenye udongo tofauti, la sivyo modeli inajifunza udongo badala ya ugonjwa.

Kuna mama mmoja kwenye timu ya wakataji, siku moja naweka vipande vya mihogo iliyong'olewa jana yake akanizuia, "Mwanangu, huo hauumwi, huo umelala." Akanionyesha michirizi ya bluu iliyokolea inayofuata mishipa, muhogo ukishang'olewa unaanza kuharibika wenyewe ndani ya siku moja mpaka tatu. Nikamwomba tukae naye, akawa anatenga, huu umelala, huu unaumwa, huu umepigwa jembe, huu panya. Makundi yake yote nikayaingiza kwenye modeli. Kwa maoni yangu watu kama yule mama wanatakiwa kulipwa na kutajwa kama wataalamu, siyo vibarua, maana bila macho yake simu ingetufanya tuzitupilie mbali mbegu nzuri.

Kwa sasa kwenye zile alama za katikati simu haichoki, saa nane inatoa jibu lilelile la asubuhi. Inasumbuka kwenye vidoa vidogo sana na kwenye muhogo wa njano wenye vitamini A, ile njano inaichanganya. Na kuna kitu picha haiwezi kukwambia, mbegu kama Kiroba inaweza kubeba virusi na mihogo yake ikawa na nafuu, kwa hiyo muhogo msafi si lazima uwe umetoka kwenye mmea usio na virusi, hapo lazima kipimo cha maabara. Kinga yenyewe watafiti wa kituo cha Amani kule Tanga waliitafuta tangu miaka ya 1930, wakachanganya muhogo na jamaa yake wa porini, na kazi yao bado imo ndani ya Namikonga, mbegu ambayo mpaka leo inatumika kama mzazi.

Kwa hiyo tunafanya hivi, mmea uliopata 1 kwa macho na kwa simu unapelekwa maabara, ambao macho na simu vimepishana tunakata muhogo mwingine wa shina lilelile tunaangalia upya wote pamoja, na mama yupo.